Shule Niliyoikagua kwa Karatasi

Jumapili, 1 Agosti 1982

Misa ya kwanza. Baada ya chai akaja Salvina, bado na gauni la kanisani. Ni binti wa marehemu mdogo wangu, kwa hiyo mimi ndiye baba yake, na lolote la kuombewa ruhusa huletwa kwangu. Anafundisha Kiingereza sekondari hapa mjini, mwaka wa nne sasa.

Anataka kwenda kufundisha Botswana! Yupo mtu hapa Shinyanga, jina lake Muhidini, anatafuta walimu wa Kiingereza kwa niaba ya shule moja ya binafsi huko, Chuo cha Marula. Mkataba miaka miwili, nyumba ya bure, nauli juu yao. Kuondoka mwisho wa mwezi huu. Walimu wanatakiwa kumkabidhi vyeti vyao halisi, si nakala, vikahakikiwe. Tena waache kazi serikalini, maana kibali cha wizara ukikingoja utazeeka.

Nikamwuliza anamjuaje huyo Muhidini. Akasema walimu wenzake wanne wanataka kwenda naye. Nikamwambia hilo si jibu. Akacheka.

"Baba mkubwa, nina wanafunzi sabini na wawili na vitabu kumi na kimoja. Nikifundisha ufahamu, kitabu kimoja kinainamiwa na vichwa sita au saba, wa pembeni anaona jalada tu. Nifanye hivyo mpaka nistaafu kama wewe?"

Nilikuwa mkaguzi wa shule miaka kumi na miwili. Vichwa hivyo nimevihesabu mwenyewe.

Nimemwambia asitoe cheti mpaka niwe nimeikagua hiyo shule. "Utaikaguaje na iko Botswana?" Nikasema niachie mimi.

Jumanne, 3 Agosti

Nimeandika maswali kumi na manne. Nayaeleza hapa ili niyaone vizuri mwenyewe.

Shule haijulikani kwa maneno ya mkuu wake. Mkuu yeyote atakwambia shule yake ni nzuri. Hujulikana kwa mambo madogo. Kengele inagongwa saa ngapi? Mwalimu mmoja ana vipindi vingapi kwa wiki? Mahudhurio yanaandikwa na nani? Maji yanatoka wapi? Na swali ninalolithamini kuliko yote: mwalimu aliyekuwapo kabla alikwenda wapi, na kwa nini? Mwongo anaweza kutunga jengo. Ni vigumu kutunga ratiba.

Nimempa Salvina maswali ampelekee Muhidini, ajiandae, aje Jumamosi. Ndivyo tulivyofanya siku zote: taarifa kwanza, ukaguzi baadaye. Mkaguzi havamii shule ya watu. Ni adabu ya kazi.

Mama Eufrasia, mke wangu, ameuliza kama nitamkagua pia na kucha. Utani wake.

Jumamosi, 7 Agosti

Muhidini amekuja saa nne kamili, kama tulivyopatana. Miaka thelathini na mitano hivi, suti ya Kaunda, viatu vimepigwa rangi. "Shikamoo Mzee," na hakukaa mpaka nilipomwonyesha kiti. Baba yake, Shaaban, namkumbuka: alikuwa na duka la vitambaa karibu na stesheni, mtu wa Pwani, hakumpunja mtu hata inchi. Hilo nalo lilinituliza, sikatai.

Majibu yote kumi na manne ameyaleta yamepigwa chapa. Kengele saa moja na nusu. Vipindi ishirini na vinne. Maji ya bomba, na tangi la akiba. Mwalimu aliyetangulia amepandishwa cheo, sasa ni mkuu wa idara. Hakuna swali aliloliruka wala alilobabaikia.

"Mzee, umenitoa jasho kuliko mtihani wa darasa la nane!"

Nikacheka. Akatoa karatasi moja zaidi: barua ya huyo mkuu wa idara. Nani? Kamili! Kamili wa Ushirombo, niliyemfundisha mwenyewe misheni kabla sijawa mkaguzi. Nilijua alikwenda nje mwaka jana, sikujua ni kwa njia hii. Mwandiko ni wake, ule wa kulalia kushoto nilioshindwa kumwondolea. Anaisifu shule: wanafunzi wana heshima, mshahara unafika tarehe moja, nyumba ina umeme. Anawahimiza wenzake.

Basi. Nikaridhika.

Alipoaga, Muhidini akaomba jambo. Walimu wana hofu, akasema, wanamwona mfanyabiashara tu. "Maneno yako mawili, Mzee. Wewe wanakujua." Nikamwandikia barua kwa mkuu wa shule ya Salvina: kwamba nimemhoji mtu huyu, nimepata majibu ya kuridhisha, na ninamfahamu mzazi wake. Nikaweka sahihi na cheo changu cha zamani.

Jumatatu, 9 Agosti

Salvina amepita jioni, furaha tupu. Barua yangu imebandikwa ubaoni katika ofisi ya walimu. Waliokuwa wakisitasita wametoa vyeti leo, wote watano pamoja naye. "Wamesema kama Mwalimu Apolinari amekagua, nani mwingine akague?"

Barua yake ya kuacha kazi ameshaiandika. Anaipeleka wiki ijayo.

Jumatano, 11 Agosti

Sijisikii vizuri leo, na si tumbo.

Asubuhi nilipita shule ya msingi ya hapa jirani. Watoto wote nje, wanapaka mawe chokaa. Wengine wanafagia mpaka barabarani. Mwalimu wa zamu akanisalimu, akaniambia mkaguzi anakuja Ijumaa, wamepata taarifa. Nikacheka naye, nikakumbuka enzi zangu. Nikaendelea na safari ya sokoni, hatua kama ishirini hivi, kisha kicheko kikanikauka.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia Mama Eufrasia. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa.

"Si wewe uliyekuwa ukirudi safari ukisema hukuona shule, uliona chokaa?"

Ni kweli, nilikuwa nikisema.

"Sasa huyu ulimpa siku nne nzima na maswali mkononi."

Nikasema ni utaratibu. Akasema, "Sawa, Baba Eufrasia. Ni utaratibu."

Nimekaa nikifikiri. Nilipokwenda Uingereza mwaka 1961 kwa kozi ya miezi tisa, hawakuniomba cheti halisi. Waliomba nakala iliyopigwa mhuri na hakimu, wakamwandikia mkuu wangu wenyewe. Kwa nini sikulikumbuka hili Jumamosi? Cheti halisi hakina cha pili. Ukimkabidhi mtu cheti umemkabidhi mguu wako mmoja. Na barua ya Kamili — niliiona barua, bahasha sikuiona. Sikuiuliza.

Siwezi kwenda Botswana. Ushirombo naweza. Mama yake Kamili yupo.

Nimemwomba Salvina asipeleke barua ya kuacha kazi mpaka nirudi. "Mpaka lini?" Jumatano. Hakupenda, lakini amekubali. Kuhusu safari sijamwambia mtu mwingine. Safari hii haina taarifa.

Ijumaa, 13 Agosti. Ushirombo

Lori la pamba mpaka Kahama, basi bovu kutoka hapo. Mgongo unauma.

Tereza, mama yake Kamili, amenipokea vizuri mno. Maziwa, kiti cha wageni, majirani wakaitwa. Mume wake alifariki zamani. Kamili ndiye mtoto wake wa pekee wa kiume. Anajivunia ajabu. "Mwanangu yuko Botswana, Mwalimu. Kazi ya mkono wako hiyo. Na sabuni ananitumia! Huku kwetu duka la ushirika halijaona sabuni tangu Pasaka, huko kwao wanafulia mpaka magunia."

Nikaomba kuziona barua. Mbili, amezihifadhi katika kopo la maziwa ya unga. Hajui kusoma, husomewa na katekista. Maneno ni ya kawaida: mzima wa afya, kazi nyingi, msalie. Nikageuza bahasha. Stempu ni yetu, ya hapa hapa Tanzania. Mhuri wa posta: Geita.

Nikamwuliza sabuni huja kwa nani. Kwa madereva, akasema, wa malori yatokayo Buseresere.

Nikaomba nichukue bahasha moja. Akaikunja akairudisha koponi. "Hapana, baba. Nisamehe. Nikiishika naona yuko karibu."

Sikumwambia habari ya mhuri. Karibu ni karibu kweli.

Jumapili, 15 Agosti. Rwamgasa

Leo ni sikukuu ya kupalizwa Bikira Maria, nami sikusali misa. Mungu ataelewa.

Lori jana mpaka Buseresere. Mtu akiishi Geita, ana sabuni ya kugawa, na hataki kwao wajue — nilidhani mahali ni machimbo ya dhahabu tu, kuliko na bidhaa za magendo, na dereva wa lori hakunibishia. Asubuhi nikakodi baiskeli na mwenye nayo, nikabebwa nyuma kama gunia la muhogo hadi hapa Rwamgasa.

Mahali penyewe ni vichuguu vya udongo na mashimo kila upande. Shimo wanaliita duara. Wanaume wanashuka kwa kamba, mawe yanapandishwa kwa ndoo, wanawake wanayatwanga. Nikamwendea mwenye duara mmoja, Mageni, kitambi na kofia ya pama.

"Mwadila, bhabha," akanisalimu. Nikaitika, nikamwambia namtafuta mwalimu.

"Mwalimu? Tunaye Mwalimu, tunaye Daktari, tunaye na Padri. Wote wako chini. Ukisubiri saa saba watapanda kula, utachagua mwenyewe."

Watu wakacheka. Nikasubiri.

Alipopanda sikumjua. Vumbi jeupe kuanzia nyusi. Yeye ndiye aliyenijua. Alisimama na kamba bado mkononi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Kamili."

"Mama anajua?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza baada ya salamu.

Tukakaa nyuma ya kibanda. Amesimulia taratibu, na mimi naandika kama alivyosema, maana kesho nitaanza kupunguza.

Alikwenda kweli. Shule ipo. Ni vyumba vitatu juu ya duka la vipuri. Hakuna wanafunzi wa bweni, hakuna kengele. Ni makarani wanaosoma jioni. Tajiri wa shule alichukua pasi za kusafiria za walimu wote siku ya kwanza, "azitunze". Kibali cha kazi hakikuwapo, waliingia kama wageni wa matembezi. Alilipwa miezi miwili. Mwezi wa tatu hakulipwa, wa nne hakulipwa. Alipodai, tajiri akamwambia aende polisi kama anataka, awaeleze na kibali chake kiko wapi. Hatimaye akarudishiwa pasi, akaambiwa aondoke. Alirudi kwa kudandia, Zambia yote.

Na cheti? Cheti hakikufika Botswana kamwe. Kilibaki kwa Muhidini, hapa hapa. Ndiyo kamba anayowafungia: mwalimu akitaka kughairi kabla ya safari, hana cheti, akirudi na kelele, hana cheti. Muhidini hulipwa na yule tajiri kwa kila kichwa anachofikisha.

Kamili alimfuata akidai. Muhidini akamwambia, waandikie wenzako barua nzuri, nisaidie kupata walimu, nitakupa.

"Umeandika ngapi?"

"Tatu."

"Na cheti?"

Akatazama chini. "Amesema mwisho wa mwezi huu, kundi hili likiondoka."

Nikamwambia kundi hili Salvina yumo. Hakujua! Walisoma darasa moja. Alijishika kichwa kwa mikono yote miwili, vumbi likamwanguka mabegani. Nikamwuliza kuhusu majibu yangu kumi na manne. Ni yeye aliyeyaandika, Muhidini akayapiga chapa baadaye. Muhidini alimletea maswali siku ya pili baada ya mimi kuyatoa. Alikuja na pikipiki ya kukodi kutoka Buseresere. "Niliona mwandiko wako, Mwalimu. Nikasema nikijibu vibaya atagundua. Nikajibu kama shule uliyokuwa ukitueleza misheni, inavyotakiwa kuwa."

Kwa hiyo nilikagua shule yangu mwenyewe.

Nilipoinuka alinishika mkono. "Ukimtaja sasa, Mwalimu, atakichoma cheti changu. Nipe hizi wiki mbili tu. Nikikipata nitarudi nyumbani, nitasema yote." Mageni akapiga mluzi, mapumziko yamekwisha. Kamili akashuka.

Sikumwahidi. Lakini pia sikukataa, na hilo linanisumbua zaidi.

Jumatano, 18 Agosti

Nimerudi Shinyanga adhuhuri. Salvina alikuwa ananisubiri. Nimemweleza yote, pamoja na ombi la Kamili.

Akaanza kuniuliza, na maswali yake ni mazuri kuliko yangu.

"Miezi miwili alilipwa kweli?"

Ndiyo.

"Kwa hiyo shule ipo."

Ipo, nikasema. Juu ya duka la vipuri.

"Na ukiwa na kibali chako mwenyewe? Ukikataa kutoa pasi?"

Nikamwona jinsi anavyoitafutia shule hiyo mlango wa kuingilia. Mama Eufrasia akamwambia, "Mwanangu, mtu akikuficha choo atakuficha na jiko." Salvina akacheka kidogo, kisha akalia.

"Cheti changu kiko kwake, baba mkubwa. Niende nisiende, kiko kwake."

Alhamisi, 19 Agosti

Nimekwenda shuleni kwake wakati wa mapumziko. Nimeibandua barua yangu ubaoni kwa mkono wangu. Pini moja ilidondoka nyuma ya kabati, nikaiacha.

Nimewaambia walimu wote: nilimwandikia mtu huyu kabla ya kujua, na sasa najua. Kamili sikumtaja kwa jina. Nilisema tu kwamba nimezungumza na mwalimu aliyefika huko. Mmoja wao, mwanamume, aliuliza kwa upole sana: "Mzee, kwa nini hukuzungumza naye kabla ya kuandika?"

Nikasema nilifuata utaratibu.

Ijumaa, 20 Agosti

Wale watano wamemwendea Muhidini kudai vyeti. Amewaambia vimeshapelekwa Botswana. Mkuu wa shule anasema polisi watauliza ushahidi: hakuna stakabadhi, walitoa kwa hiari, na barua ya kuwatia moyo iliandikwa na mstaafu anayeheshimika. Hakusema kwa ubaya.

Mvua hakuna. Mgongo bado.

Jumamosi, 21 Agosti, saa tisa alasiri

Muhidini yuko sebuleni. Nimemwambia nakuja chumbani kutafuta karatasi nzuri, na karatasi ninayoandikia ni hii. Nataka niandike wakati bado ni moto.

Amekuja peke yake, na adabu ile ile. Shikamoo, akasubiri kiti. Mama Eufrasia alimletea chai bila kumtazama. Akanywa nusu, akafungua mkoba, akaweka mezani cheti cha Salvina. Si nakala. Nimeona mhuri wenyewe, jina lake, na ile alama ya kikombe alichokitua juu yake siku alipokipata, tukamgombeza sote.

Kumbe havikwenda Botswana!

Maneno yake, kwa ufupi: yeye hana ugomvi nami. Walimu wa hapa wameshaharibika, hawataki tena, na yeye ana nafasi nane za kujaza kabla ya tarehe thelathini. Huko Mhunze kuna walimu sita ambao hawajasikia kitu. Wanangoja neno la mtu wanayemwamini. "Mzee, ni barua ile ile. Umeandika mara moja, kuandika tena si kazi. Mimi nakuachia hiki cha binti. Karatasi kwa karatasi."

Nikamwuliza, na vya wale wanne? Vitafuata, akasema, wakifika wa Mhunze. Na cha Kamili? Uso ukambadilika kidogo. Kisha akatabasamu. "Kumbe ndiko ulikokwenda."

Sasa amejua. Ni mimi niliyemtaja, kwa mdomo wangu mwenyewe!

Nimekuwa nikijiuliza tangu Jumapili jinsi Kamili, kijana mwenye akili, alivyoweza kuandika barua tatu za namna ile. Sijiulizi tena. Unaanza na tarehe. Unaandika "Mpendwa Mkuu wa Shule". Hayo si uongo bado. Tayari nimeyaandika hayo, kwenye karatasi nyingine, iko hapa kando ya daftari hili. Walimu sita wa Mhunze siwajui hata mmoja. Salvina ubatizo wake niliusimamia mimi, nilimshika kichwani.

Nikikataa, ataondoka na cheti. Nikikinyang'anya — nina miaka sitini na minne, na yeye ana thelathini na mitano. Nikiandika barua kisha nikawahi Mhunze mwenyewe kuikanusha? Nimefikiri hilo pia. Labda hata Kamili alifikiri hivyo kila mara.

Mlango wa mbele. Ni Salvina, anatoka sokoni. Namsikia. Hakumsalimu. Amemwuliza moja kwa moja, "Vya wenzangu viko wapi?"

Muhidini anajibu kwa sauti ya chini, siisikii vizuri. Mhunze nimelisikia. Kisha, "Cha kwako hiki hapa, Mwalimu. Kiangalie, ni chenyewe. Namngoja baba tu."

Karatasi inachakarika mezani.

Miguu ya Salvina ukumbini. Amefungua mlango bila kubisha, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu utotoni. Hana cheti mkononi, amekiacha mezani. Macho yamekuwa mekundu.

"Baba mkubwa," amesema, taratibu sana, wa sebuleni asisikie. "Mwandikie tu."

Bado amesimama hapo. Ananiona nimeinama na kalamu inakwenda, na anadhani ninaandika ile barua.